Barua Iliyomzika Mama

Jumatatu, 12 Januari
Miezi kumi na minane bila kazi. Leo basi! Kiwanda cha milango kinatafuta karani wa stoo. Jirani yangu Rodney Haapala kaomba pia. Kaandika barua kwa mkono, kapeleka mwenyewe kwenye theluji. Mshamba! Mimi nina akili bandia kwenye simu. Ikaniuliza nilikuwa wapi miezi yote hiyo. Ukweli ni kwamba nilianguka kutoka paani nikikwangua theluji, nikavunjika nyonga, mama akaniuguza hadi kunivisha soksi. Hiyo haiuziki. Nikaandika kwamba mimi ndiye niliyemuuguza yeye, nikaiambia ikolezee chumvi. Nikatuma bila kusoma. Nani anasoma siku hizi? Hata huko kiwandani inasoma mashine.

Jumanne, 13 Januari
Mashine yao imenipitisha kwa dakika nne! Sasa barua iko kwa meneja, Bi. Arlene Sundquist, binadamu mzima. Mama kanipigia pasi shati. Kasema nikipata hii, ataacha kufagia ile shule. Ana miaka sabini na moja.

Jumatano, 14 Januari
Ole wangu! Mchana kengele ikalia, mama akafungua. Bi. Arlene huyo, na bakuli la msiba: viazi, nyama ya kusaga, jibini juu, bado la moto. Akampa mama pole, akamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Mama akauliza marehemu gani tena. Akajibiwa ni Verna, mama yake Lyle, yaani mimi, aliyekata roho mikononi mwa mwanawe akimshukuru. Mama akasema Verna ndiye yeye.

Yote niliyasikia nikiwa nyuma ya kochi. Ndiyo, nyuma.

Bi. Arlene akasema kasoma barua mia mbili, zote kama mapacha, yangu tu ndiyo iliyomliza, maana mama yake mwenyewe kamzika Novemba. Akasema alikuwa ameshaamua kunichukua. Ameshaamua! Akaondoka. Bakuli akaliacha.

Alhamisi, 15 Januari
Mama hanisemeshi. Kala viazi vya msiba wake mwenyewe, kaliambia bakuli kwamba chumvi haitoshi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kazi kapata Rodney. Kapita na kofia ya kiwanda, kaniuliza eti mazishi ni lini, avae tai. Shetani mkubwa!

Ijumaa, 16 Januari
Alfajiri nimemsikia mama akivaa viatu vya theluji, anaenda kufagia. Mgongo unamuuma tangu alipokuwa akiniinua kitandani. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikavuta blanketi hadi masikioni, mlango ukafungwa. Nimelia kidogo. Hilo Rodney asijue kamwe.

Jumapili, 18 Januari
Baada ya kanisa mama kavunja ukimya. Kasema, wewe Lyle, nimekuvisha soksi mwaka mzima, sitaki makubwa. Niambie neno moja tu, lako mwenyewe.

Nikamwomba dakika mbili. Nikaingia chooni na simu, nikaiagiza akili bandia: msamaha kwa mama, wa kutoka moyoni, mistari mitano, ikolezee. Ikamaliza kabla sijaketi. Nikamtumia hapohapo.

Sasa yuko mezani, kavaa miwani, anasoma. Kafika mwisho, karudi mwanzo. Lazima ni nzuri sana.

Ningejua tu imeandika nini.