Kuihamishia Kiomboi Kariakoo

Jumatatu, 6 Novemba
Mama mkwe anataka kuondoka! Amekuja kutoka Kiomboi kumlea mjukuu, na joto la Kariakoo limeshamshinda. Anasema kwao ni juu, pakavu, upepo mchana kutwa, ukianika asubuhi mchana unakunja, na usiku blanketi mbili. Hapa hata kanga haikauki mwilini. Selina, mke wangu, ametangaza kwamba mama akiondoka, yeye na mtoto wanamfuata. Mwanangu ndiyo kwanza ameanza kunichekea! Haondoki mtu. Naileta Kiomboi hapa.

Jumanne, 7 Novemba
Nimetumia akili. Kiomboi kuna baridi kwa sababu ni juu. Sisi tupo ghorofa ya kwanza. Jibu: ghorofa ya sita! Mwenye nyumba ana stoo kule, chini ya bati. Godoro nimelipandisha mwenyewe. Mama mkwe alivumilia mpaka adhana ya adhuhuri, akateremka ameloa jasho, akamwomba Selina amuulizie basi. Jirani yetu Mwanne akasema yeye hampendi mkwe wake, lakini hajawahi kumfanyia hivyo. Wivu tu.

Jumatano, 8 Novemba
Barafu! Ndoo nne kutoka Feri, soko la samaki. Tatizo: chumbani kwa mama mkwe huingii, hilo hata kwetu Masasi mtoto mdogo anajua. Nikasubiri aende kuoga. Nikajipenyeza, nikaanza kusukuma ndoo uvunguni. Akarudi! Kasahau sabuni. Ningetokaje? Nikajikunyata mle mle. Akaketi kitandani, akampigia baba mkwe, akamwambia joto ni balaa, mkwe ana vituko, lakini binti yao anapendwa kweli. Machozi yalinilengalenga. Kisha nikapiga chafya. Ukelele wake uliwatoa watu wa ghorofa zote sita.

Alhamisi, 9 Novemba
Aibu. Natembea nikitazama ukuta. Chumba kinanuka vibua na mashuka yameloa. Mama mkwe ametuma ujumbe kupitia Selina kwamba baridi ya kwao ni kavu, hii niliyoleta ni ya kisimani. Begi lake liko mlangoni, na la Selina pembeni yake. Nimembeba mwanangu jioni nzima. Naumia, sifichi.

Ijumaa, 10 Novemba
Wanabaki! Mama mkwe alitandika mkeka kwenye sakafu ya simenti, akaacha mlango wazi, akalala fofofo. Asubuhi akamwambia Selina afungue mabegi. Kwamba mwanamume wa namna hii hafai kuachwa peke yake hata siku moja, atajiua. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia mume wa Mwanne. Hesabu zangu zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jumamosi, 11 Novemba
Baba mkwe kapiga simu. Upepo wa Kiomboi umempasua midomo na visigino, na wa kumpaka mafuta yuko kwangu. Maskini mzee! Nimemwambia asihangaike, shida yake ni unyevu, na unyevu Dar tunao wa kumwaga. Nimelowesha blanketi mbili, nimezifunga kwenye nailoni. Basi la alfajiri linampelekea. Selina hajui, nataka iwe zawadi ya kushtukiza.