Nilivyojifunza Ukali kwa Bi Raghad

Jumatatu, 13 Januari 2025

Bosi mpya amefika. Bi Raghad! Ametoka Dar, ametumwa na wenye hisa aje kuinusuru kampuni kabla haijazama. Bosi wa zamani, Mzee Shaukat, alituaga Ijumaa huku akilengwalengwa na machozi na kutugawia kashata. Miaka yote hajamfokea mtu. Kila asubuhi alituuliza habari za watoto kwanza, habari za kazi baadaye. Na sisi tukadhani huo ndio uongozi. Aibu.

Kampuni yetu ina programu ya simu iitwayo Tenga. Mkulima wa Fukayosi au Zinga anaandika alichonacho shambani, hoteli ya ufukweni inaagiza, gari linapeleka. Sneha ndiye anayeitengeneza programu. Yunus ndiye anayezungumza na wakulima. Mimi, Haidar, ni Mratibu.

Kikao cha kwanza. Bi Raghad aliamuru viti vitolewe nje, maana aliyekaa hufikiri polepole. Akamuuliza Sneha toleo jipya la programu litakuwa tayari lini. Sneha akasema wiki mbili. Bi Raghad akavurumisha kalamu ya ubao ukutani. Paa! Akasema Ijumaa. Hata feni nadhani ilisita.

Kisha akanigeukia, akataka kujua naratibu nini. Nikasema naratibu uratibu. Akanitazama bila kupepesa. Sijapata kuona binadamu wa namna ile! Nataka kuwa yeye.

Jumanne, 14 Januari

Mazoezi mbele ya kioo. Macho makavu, taya imekazwa. Baada ya muda machozi yakatoka, lakini ya ushindi.

Nimejaribu nyumbani. Nilimwambia mke wangu Nawal kwamba kuanzia leo chai iwe mezani alfajiri na sitapokea visingizio. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akanikabidhi birika, akarudi kulala. Nimepika chai. Ilikuwa chungu.

Ofisini, maajabu. Ile hoteli kubwa iliyotukatalia mwaka mzima! Mzee Shaukat aliiandikia barua za heshima, akaenda mwenyewe na halua. Wapi. Leo Bi Raghad kampigia simu meneja wao. Sikusikia maneno yote, nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Nilichosikia ni meneja kuomba radhi. Yeye! Mwisho akakubali kujaribu huduma yetu. Kikombe cha Bi Raghad kilikuwa bado kinafuka moshi.

Baadaye akamwagiza Yunus awafute wakulima wote wasiopokea simu mara ya kwanza. Yunus akaeleza kwa adabu kwamba mtu akiwa shambani na jembe, simu huiacha nyumbani. Bi Raghad akasema basi waende shamba na simu. Yunus akafunga daftari lake. Uso wake ulibadilika, lakini sikuwa na muda wa uso wa Yunus. Nilikuwa naandika kila neno la bosi kiganjani.

Jumatano, 15 Januari

Nimepata wazo. Niwe naibu wake! Kikwazo ni Sneha, maana bosi humsikiliza hata anapomfokea. Mimi hanifokei. Inauma.

Lakini leo mambo yamejipanga yenyewe. Sneha alisimama kikaoni, akasema toleo jipya lina kasoro: hoteli ikiagiza kilo kumi, mkulima anaonyeshwa matenga kumi. Akaomba wiki moja tu. Bi Raghad akasema Ijumaa. Sneha akasema Ijumaa litakuwa bovu. Bi Raghad akapiga meza, akasema asiyeweza kasi na aondoke.

Sneha alifunga kompyuta yake, akachukua mkoba, akatupa mkono wa kwaheri, mmoja mmoja. Aliponifikia akasema, "Kaka Haidar, waangalieni wakulima." Akashuka ngazi.

Nilihisi kitu kifuani. Nimekichunguza, ni furaha. Karibu yote.

Nikamfuata Bi Raghad, nikamwambia kwa nini tungoje Ijumaa, tuliwashe kesho. Akauliza kama limejaribiwa. Nikasema limejaribiwa. Na kweli nilikuwa nimelijaribu: nililifungua likafunguka, nikalifunga likafungika. Akanitazama. Akasema, "Vizuri." Vizuri! Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuona hata njia.

Alhamisi, 16 Januari

Nimebonyeza kitufe mwenyewe. Tenga jipya liko hewani.

Yunus akauliza nani amelijaribu. Swali la dharau! Nikachukua kalamu ya ubao, nikaivurumisha ukutani. Ikapita dirishani, ikatua kwenye karai la muuza mihogo aliye chini. Mama yule alipanda ngazi na mwiko mkononi. Huyo naye ana kipaji cha uongozi, lazima niseme. Nimeinunua mihogo yote, pamoja na ile ya rangi ya buluu.

Yunus amekula ile myeupe.

Ijumaa, 17 Januari

Siku mbaya.

Ile hoteli kubwa ina harusi leo. Iliagiza nanasi kwa kilo, kiasi cha kupamba meza. Wakulima wa Fukayosi wakasoma matenga kwenye simu zao. Waliitana, ndugu na majirani, wakavuna tangu jana mchana. Asubuhi malori yakaingia hotelini, yakapanga mananasi mapokezini, kwenye ngazi, kando ya bwawa. Bibi harusi alipofika hakupata pa kupita. Meneja akapiga simu. Alikuwa amepona kabisa ule ugonjwa wa kuomba radhi.

Hilo bado dogo. Yunus alikaa sakafuni, simu sikioni, akizungumza na Bi Mwanakheri, mjane wa Fukayosi. Alikuwa amevuna shamba lake lote, hata mananasi machanga, maana oda ilikuwa kubwa na aliogopa kufutwa. Sauti ya mama huyo niliisikia hadi nilipokuwa nimesimama. Alikuwa anauliza alichokosea.

Bi Raghad akaja. Akauliza nani alilijaribu toleo hili. Nikasema tulilijaribu. Akauliza sisi ni nani. Nikasema mimi. Akauliza vipi. Nikamweleza habari ya kufungua na kufunga.

Nikafumba macho kungoja kalamu. Haikuja. Nilipofumbua, alikuwa amekaa sakafuni kando ya Yunus, viatu amevua, ameshika kichwa. Akasema mimi nimedanganya, lakini yeye ndiye aliyetengeneza ofisi ambayo mtu hupata sifa kwa kudanganya. Sikuelewa, ila nywele zilinisimama. Kisha akaniagiza nimpeleke kwa Sneha.

Nyumba yao iko nyuma ya duka la viungo. Mama yake, Bi Bhanumati, ndiye aliyefungua. Bi Raghad akaamkia, "Shikamoo, mama." Bi Bhanumati akaitikia marahaba, lakini hakutabasamu. Sneha akatoka. Bi Raghad hakukaa.

Akasema, "Sneha, ulinieleza ukweli, nikakufukuza. Watu wameumia kwa sababu yangu. Nimekuja kukuomba radhi. Ukikataa, una haki."

Nilipigwa na butwaa. Mwamba unaomba radhi! Mbele ya mama mtu! Bi Bhanumati akavuta kigoda, akamwambia akae.

Sneha akasema atarudi, lakini asifutwe mkulima hata mmoja, na neno la mwisho kuhusu programu liwe lake. Bi Raghad akakubali. Sneha akaniangalia, akauliza na kaka Haidar je? Bi Raghad akasema kaka Haidar atabeba mananasi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimebeba mananasi. Mgongo wangu sasa una miiba yake.

Kampuni imewalipa wakulima kwa kila nanasi lililovunwa. Tukayapakia, tukasimama barabarani pale Zinga. Bi Raghad akapanda juu ya gari, akatoa sauti ile ya Jumatatu: "Nanasi! Nanasi la Fukayosi! Baba, unapita bila nanasi unakwenda wapi?" Magari yakasimama. Watu walinunua nadhani kwa hofu. Mwanamume mmoja alichukua matenga mawili huku akiomba msamaha. Subhanallah, mwanamke yule!

Machanga hayakuuzika. Alasiri Bi Raghad akaenda nayo mwenyewe hadi kwa Bi Mwanakheri. Yunus alimwonyesha njia, mimi nilikuwa nyuma na mzigo. Akapiga hodi, akaeleza kosa lote bila kulizunguka. Yule mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono, akasema watu wengi wameoana na kuzikwa mbele ya macho yake, lakini bosi wa kuja mlangoni kuomba radhi hajamwona. Wakalia wote wawili. Yunus naye akageukia mgomba.

Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri.

Jumapili, 19 Januari

Nimegundua siri! Tumedanganywa kuhusu kalamu na kupiga meza. Hayo ni ya wanaoanza. Silaha yenyewe, silaha nzito, ni radhi. Tazama: siku nzima alimfokea Sneha, Sneha akaondoka. Dakika chache za radhi, Sneha amerudi! Bi Mwanakheri amelainika kama mkate wa kumimina. Hakuna anayeweza kuizuia. Bi Raghad ni mkali kuliko nilivyodhani.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nisamehe! Nisamehe! Nawal akasikia, akauliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akachukua simu yangu, akaanza kuipekua. Ameipekua hadi usiku.

Jumatatu, 20 Januari

Cheo changu kimebadilika. Sasa nipo chini ya Yunus, napokea simu za wakulima. Nimekubali, kwa sababu za kimkakati.

Nimeanza na Yunus mwenyewe. Nilimvizia ngazini, nikamshika kola, nikamkazia macho, nikamwambia anisamehe sasa hivi. Akasema alishanisamehe tangu siku ya mihogo. Nikamwambia hapana, haraka mno, arudie kwa heshima. Akarudia. Jasho lilimtoka! Inafanya kazi.

Kesho ni zamu ya Sneha. Nitamwomba radhi kikaoni, mbele ya wote, kwa sauti ya juu kabisa, na sitanyamaza hadi asalimu amri.

Atakoma.