Banki Inipigie Muhuri kwenye Kadi Yangu ya Zaka

Bukavu, Nguba, Jumamosi, siku ya posho, asubuhi

Kwa Bwana Mukurugenzi wa banki yenye kuchunga mushahara wangu,

Amani ya Kristu iwe kwenu, kwa bibi na watoto, na hata kwa mashine zenu, juu nazo zinasimama muchana na usiku bila kukaa. Taabu hiyo naijua. Mimi ni Philémon, sentinelle, mulinzi ku lango la ONG moja ya musaada hapa mujini, Mukatoliki tangu tumboni mwa mama. Masomo yangu hayakufika ku diploma. Mukikuta kosa, musamehe mukono, muangalie moyo.

Sikuja na vita. Binti yetu wa kwanza, Fabiola, anaolewa na Gracien, fundi wa mbao kule Lwiro. Mahari imekwisha, vitenge vimeshonwa. Imebaki tu padri atangaze majina yao kanisani. Lakini kwenye parokia yetu, muzazi mwenye hajamaliza zaka ya mwaka, mutoto wake hatangazwi. Juzi katekista Léopold aligeuza kadi yangu ya zaka, mbele na nyuma, akitafuta muhuri, akasema mbele ya shirika lote la sala: "Papa Philémon, kadi yako iko safi! Safi kama shuka ya masista!" Watu wakacheka. Fabiola hakucheka.

Sasa niwaeleze kwa nini iko safi, na kwa nini ni ninyi munapaswa kuichafua.

1. Tangu mashine za feza za hapa kwetu zinyamaze, sisi wenye kadi za banki tunavuka daraja la Ruzizi, tunaenda kuchukua mushahara kwa jirani, Kamembe, ngambo ya mupaka. Mashine ya jirani inakata yake. Sawa, ukikula kwa jirani, utaacha kitu. Lakini na ninyi munanikata, eti nimekula inje! Bwana Mukurugenzi, baba azime moto jikoni, kisha amupige mutoto kwa sababu alikula kwa jirani?

2. Mushahara wangu ni wa dola. Mashine ya kule inajua faranga za kule tu, kwa hiyo inanunua dola yangu kwa bei yake. Nikirudi darajani, Maman Nathalie, mwenye kubadilisha feza ku meza yake, ananiuzia dola kwa bei yake. Wakati wa kwenda, dola yangu ni mugonjwa wa kubebwa. Wakati wa kurudi, ni mwana wa mufalme. Na daraja lenyewe ni fupi, unalimaliza mbele ya kumaliza Salamu Maria.

3. Hata kuuliza tu kama mushahara umefika, munakata. Niliuliza mara mbili, juu mara ya kwanza sikuamini. Mungu tunamuuliza kila asubuhi, na hajatuma hesabu.

4. Ukikusanya yote, dola mia moja zikitoka, nyumbani zinaingia tisini. Bibi yangu Séraphine, mwenye kujua hesabu ya soko kunipita, alizipanga ku meza, akasema: "Philémon, hii si makato. Hii ni zaka."

Hapo macho yangu yalifunguka. Zaka ni sehemu ya kumi. Sehemu ya kumi iko kwenu. Basi zaka yangu nimelipa, ila ilipita njia ingine. Mungu aliomba moja, hakuomba mbili. Kwa hiyo naomba kwa heshima kubwa muipigie muhuri kadi yangu, miezi yote. Nimeitia humu ndani ya bahasha. Muhuri uonekane vizuri, juu Léopold anavaa miwani.

5. Kama mutakataa, basi mubebe na kazi za mwenye kupokea zaka. Goti langu la kushoto linauma tangu mvua zianze, sijaona mutu wa banki kuja kunitembelea. Ujumbe wenu ku simu, ule wa "Muteja mupendwa", naupokea kama neno la siku, lakini hauna faraja ndani. Na siku nitakufa, nawangojea vijana wenu wa karavati shingoni wabebe sanduku.

6. Kama hata hayo hayawezekani, basi Fabiola na Gracien wafunge ndoa kwenu, mbele ya guichet, lile dirisha la kulipia. Muna viti, muna upepo wa mashine, na watu wamezoea kusimama mustari bila kusukumana. Ku mulango nitasimama mimi mwenyewe, bure. Naomba tu musikate asilimia ku bibi arusi.

Musalimie maman wa guichet mwenye kusema kila siku kwamba sistemi imeanguka, mumuambie tunamuombea, na sistemi pia. Musalimie sentinelle mwenzangu, mumupe kiti. Séraphine anawasalimia, ingawa si kwa maneno yenye naweza kuandika.

Wenu katika Bwana, mwenye kungoja muhuri,
Philémon

N.B. Bahasha ilikuwa tayari, lakini leo nilivuka tena kuchukua feza yenye ilibaki. Maman mumoja, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nyuma yangu ku mustari, alichungulia akapiga kelele: "Papa! Mashine inakuuliza kama unakubali bei yake, nawe unakubali tu? Mulioana? Bonyeza kukataa!" Siku zote nilikuwa nakubali, juu niliogopa kwamba ukimukatalia mwenye nyumba, atameza kadi na kufunga mulango. Nikafanya alama ya musalaba, nikakataa. Mashine haikukasirika. Feza yote ilitoka, na makato yakashuka nusu nzima! Nilikimbia kumuambia Léopold. Akafuta miwani, akasema: "Basi hata hiyo zaka yako ya banki haitimii. Nusu zaka si zaka."

Kwa hiyo, Bwana Mukurugenzi, nabadilisha ombi. Ile feza yenye niliokoa kwa kukataa, tafadhali muikate hata hivyo, bila huruma, mpaka jina la Fabiola lisomwe kanisani. Nyuma ya arusi tutaendelea kulalamika.