Ghala Chini ya Sebule

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimejikwaa kwenye magunia tena. Mara ya tatu leo! Kumi na mawili ya mahindi, yote sebuleni. Mke wangu Notburga kasema Jumamosi jumuiya inasali kwetu, na ikikuta hata gunia moja, mahindi yote yanahamia stoo ya Thadei. Thadei! Jirani, mwenyekiti wa jumuiya, mtu anayewaonyesha wageni stoo kabla hajawapa chai. Bora nitafune mahindi makavu.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata akili. Nyumba yetu hapa Msamala iko mtelemkoni. Chini ya sebule, upande wa bondeni, kuna uwazi mkubwa kama chumba, umezibwa kwa ukuta tangu ujenzi. Miaka tisa bure! Natoboa mlango, natandika chaga za mbao, ghala tayari. Fundi Ramson kauliza mlango wa ukubwa gani. Mdogo, nimesema, wezi wasiingie. Kashauri tupime kwa gunia lililojaa. Nimemwambia gunia ni gunia, Tanzania nzima. Nikapima gunia tupu.

Alhamisi, 11 Julai

Mlango umekamilika! Fremu ya chuma, komeo, saruji ya kutosha. Thadei kapita, kauliza kama ni banda la kuku. Wivu tu.

Ramson kayaona magunia yangu, kaguna. Lumbesa! Ndiyo, lumbesa. Niliyashindilia mwenyewe shambani mpaka yakaota nundu, nikaokoa magunia matatu mapya. Mtu mwenye akili haombi radhi.

Ijumaa, 12 Julai

Tumeacha saruji ikauke. Nimepumzika. Notburga hajapumzika, kaninunia kutwa nzima.

Jumamosi, 13 Julai

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ndani navuta, Ramson nje anasukuma. Gunia la kwanza liliingia nusu, nundu ikagoma. Haliendi, halirudi. Na mimi niko nyuma yake!

Ramson akapanda juu kuomba kisu. Akakuta jumuiya imeshaanza sala, wengine wamekalia magunia. Kwa adabu, akapiga magoti. Akabaki hapo hapo!

Kila neno la juu nililisikia. Nilivumilia rozari yote. Kisha Bibi Epifania akaanza kuziombea roho zinazoteseka toharani zikingoja kuingia mbinguni, hasa ya marehemu mumewe. Uvumilivu ukaniishia. Nikapiga kelele kwamba nateseka, nitoeni huku!

Halafu Bibi Epifania akanijibu kwa upole nistahimili kidogo, misa imeshaombwa.

Nililia kweli.

Aliyekuja na kisu ni Thadei. Alilipasua gunia, akanipa mkono nitoke. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Jumapili, 14 Julai

Mahindi yote yako kwa Thadei. Notburga aliyasindikiza mwenyewe, akiimba. Kanisani watu walinishika mkono na kuniuliza habari za toharani. Nimeumia sana.

Lakini wakati wa mahubiri nilitafakari. Mlango hauna kosa lolote, kosa ni la mzigo. Ghala lile linataka vitu vidogo. Ramson kashauri tuupanue, nimemkataza asiuguse kabisa.

Mchana nimenunua vitoto sita vya nguruwe. Vimepita mlangoni mbio, wala havikusukumwa!