Mwenyekiti wa Mchana

Jumatano, 4 Februari

Jina langu limebandikwa! Nassibu, mgombea uenyekiti wa mtaa wetu hapa Kariakoo. Kiti kiko wazi tangu mwenyekiti wetu ahamie Chanika. Anasema kule kuna hewa.

Mpinzani ni mmoja tu: Mboni, mjane wa ghorofa ya tatu, anauza vitumbua. Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai.

Mke wangu Salma hakucheka. Kanikumbusha hii ni mara ya tatu nagombea. Safari hii kaniapisha mbele ya mama yake: nikishindwa, siasa basi, na Jumatatu asubuhi niripoti eneo la Gerezani, dukani kwa kaka yake Kasmir, nikauze spea. Mimi nishike vyuma vya gari, na vidole hivi? Nimeapa haraka haraka, chai isipoe.

Alhamisi, 5 Februari

Mkutano wa kwanza, saa sita mchana, njia panda. Watu! Wenye maduka, wamachinga, wapagazi, wanunuzi mpaka wa Lubumbashi. Nimeahidi vyoo, taa na vivuli. Zakayo, muuza mabegi, ndiye meneja wangu wa kampeni. Anapita na kaunta buku, kila anayeniunga mkono anaandika jina na kutia sahihi. Hakuna aliyekataa. Mmoja kasaini mara mbili kwa mapenzi.

Saa kumi na mbili maduka yakafungwa, nikasitisha kampeni. Watu walikuwa wamekwisha. Kwenye ngazi za jengo letu nikakutana na Mboni anapanda kumjulia hali Bi Waridi, anayeumwa miguu. Mboni ndiye pia anayepiga simu maji yakikatika ghorofani. Nikamshauri kwa upole kwamba kura ziko chini barabarani, huku juu anajichosha bure. Akasema ahsante, baba Sofia, nitazingatia. Nilimwonea huruma.

Ijumaa, 6 Februari

Majina elfu moja mia mbili na kumi na nne. Nimempelekea Leticia, mtendaji wa mtaa, ajiandae kisaikolojia. Akalitazama daftari, akanitazama mimi. Akasema orodha yake ya wapiga kura ina watu mia tatu na arobaini, iko ukutani wiki ya pili sasa, je, nimeisoma? Niisome ya nini? Jina langu nalijua.

Njiani nikapiga hesabu. Wanaoniunga mkono ni zaidi ya mara tatu ya wapiga kura wote. Sijui kama imewahi kutokea nchi hii.

Salma kaniuliza kama nimempandia Bi Waridi kumwomba kura. Nikamwambia sina muda wa kura mojamoja.

Jumapili, 8 Februari

Siku yenyewe. Suti ya mtumba ya Mchikichini, imekaa utadhani nilishonewa. Nilifika kituoni mapema, nikasimama pembeni nisije nikakanyagwa na umati.

Saa nne, umati bado. Maduka yamefungwa, barabara nyeupe, paka wanne. Waliokuja ni wazee na akina mama wa ghorofani, wanateremka wameshikana mikono. Bi Waridi kabebwa na wajukuu, na kiti chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mimi ni nani.

Saa saba nikampigia Zakayo. Yuko Mbagala, anafua. Nikamuuliza mbona hajaja. Akashangaa, Jumapili Kariakoo kuna nini? Nikamwambia kuna mimi. Akanipa pole. Akasema yeye kajiandikisha anakolala, na wenzake karibu wote wa kwenye daftari wanalala hukohuko Mbagala. Nikauliza sasa walisaini ya nini. Akasema waliona nina bidii.

Matokeo: Mboni mia mbili sitini na moja. Mimi tisa. Nyumbani kwetu wapiga kura tuko kumi na mmoja. Sikuuliza mtu. Salma kapika pilau, bila sababu yoyote, kisha akapiga pasi ovaroli ya Kasmir. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia wasinisikie. Imeniuma sana. Pilau nilikula sahani mbili.

Jumatatu, 9 Februari

Nimetimiza kiapo. Saa mbili asubuhi nilikuwa Gerezani, na ovaroli mwilini. Salma kapiga simu kuuliza kama nimefika Gerezani, nikamjibu nimefika, wala sikusema uongo. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko hapohapo. Basi la Mbagala lilikuwa wazi, nikapanda.

Nimelifikiria jambo hili vizuri. Wananchi ninao, kwa majina na sahihi zao. Mtaa ndio ulikosewa. Na kiapo nilikula Kariakoo, ambayo ni Ilala. Mbagala ni Temeke, wilaya nyingine kabisa. Nimeshaulizia chumba cha kupanga.

Saa nne kamili nikaanza nyumba kwa nyumba, daftari kwapani. Nimegonga milango ishirini na sita. Yote kufuli. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniambia watu wa hapa mchana wote wako Kariakoo, nije jioni. Nikamshukuru, nikamwandika. Namba moja!

Kasmir kapiga simu mara saba. Sijapokea, niko kazini.

Hali ya huku inatia moyo. Mtaa mzima sijaona mpinzani hata mmoja barabarani. Kesho narudi na kipaza sauti, saa sita mchana.