Yah: Malalamiko Dhidi ya Mswaki Mkavu

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Simu Yako, Rafiki Yako",

Pokea salamu kutoka kwa msomaji wako wa kila Jumatano. Mimi ni mzima, tena nina furaha ambayo sikujua kama mtu mmoja anaweza kupewa yote peke yake. Nimeolewa. Leo ni wiki ya saba na siku mbili. Mume wangu ni seremala, mrefu, mpole, ana unga wa mbao kwenye nyusi hata akitoka kuoga, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono kana kwamba kicheko amekiazima kwa mtu. Ningeweza kuendelea hivi kurasa mbili zaidi, lakini mimi ni mpiga chapa katika duka la fotokopi. Barua za malalamiko za watu hupitia mikononi mwangu kila siku, na najua kwamba barua inayochelewa kufika kwenye hoja huishia kufungia misumari.

Hoja yangu ni hii: ukurasa wako unaitia ufa ndoa yangu, na unafanya hivyo kwa ushauri mzuri. Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba.

1. Mswaki.

Wiki tano zilizopita mlichapisha jibu ambalo mume wangu alilikata gazetini kwa patasi na kulibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa. Linasema hivi: "Kama huisikii simu ukiiweka sikioni, huenda kitundu cha kusikilizia kimeziba kwa vumbi. Zima simu, chukua mswaki mkavu wenye nywele laini, usugue taratibu." Akachukua mswaki. Siku ya harusi tulizawadiwa miswaki miwili iliyofungwa kwa utepe mmoja, wa bluu na wa waridi. Aliousugulia ni wa waridi, yaani wangu. Alisema ndio wenye nywele laini. Hilo nimemsamehe, kwa kuwa ni kweli.

Simu ikapona, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Huwezi kuelewa hasara yangu, Mhariri, mpaka ujue simu ile ilivyokuwa inaumwa. Kwa miaka miwili haikusikika sikioni hata kidogo. Kila aliyempigia ilibidi awekwe spika, juu ya meza ya randa, mbele ya wenzake wanane wa karakana. Siku ya kwanza kunipigia alikuwa anaulizia orodha ya bei waliyotuletea tuichape. Nikamwambia iko tayari. Akasema, "Haya." Kwa nyuma nikasikia sauti ya mtu mzima ikimwambia, "Mwambie asante, mwanangu, hukulelewa msituni." Huyo alikuwa Babu Vanishi, mpaka rangi wao. Akaniambia asante. Sauti nyingine, ya yule wanayemwita Msumeno kwa sababu hanyamazi, ikasema, "Muulize kama ameolewa, mbona unazungukazunguka kama nzi kwenye gundi?"

Mapenzi yetu yalianza hivyo, Mhariri, na yakakua hivyohivyo. Nikipiga simu, mashine zinazimwa. "Shemeji yuko hewani," nasikia, na nyundo zinawekwa chini. Mwandani wangu akiishiwa maneno, Babu Vanishi anamwongezea. Nimeambiwa kwamba macho yangu ni kama mninga uliopigwa msasa mara tatu. Nimeambiwa kwamba bila mimi mtu huyu ni kiti cha miguu mitatu. Na siku ya kuulizwa kama nitakubali kuolewa, mwenyewe alisema, "Nilikuwa nataka..." akasita. Babu Vanishi akasema, "Maliza, kijana, vanishi inakauka." Akasita tena. Ndipo Msumeno akasema, "Shemeji, anakupenda, anataka kukuoa, na sisi tuna makabati ya kumaliza." Nikasema nimekubali. Watu wanane wakapiga mbao kwa nyundo, na huku dukani kwetu mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akafuta machozi.

Sasa, mswaki mmoja umeyafuta yote hayo.

2. Kimya cha saa kumi.

Saa kumi kamili alasiri, mashine zikizimwa kwa ajili ya chai, mume wangu hunipigia. Zamani saa hiyo ilikuwa na shangwe. Siku hizi naletewa sauti moja tu, ya karibu mno, kama mtu aliyesimama nyuma ya sikio langu. Inauliza, "Umekula?" Najibu nimekula. Inasema, "Vizuri." Halafu inasema, "Sikiliza," nami nasikiliza, na hakuna kitu. Namsikia akimeza mate tu. Nimejaribu kuhesabu: moja, mbili, mpaka sita. Mwanamke anayependa hawezi kuvuka sita. Basi kwa kumhurumia naijaza mwenyewe ile nafasi. Namweleza habari za mapazia, za mteja aliyetaka fotokopi ya fotokopi ya fotokopi akashangaa kwamba uso wake umepotea, za paka wa jirani, mpaka kengele ya kurudi kazini inalia na yeye anasema, "Haya basi." Juzi nilijumlisha maneno yake yote ya simu nzima. Yalikuwa matano.

Nyumbani ni vilevile. Ananitazama, anafungua mdomo, kisha anakwenda kukaza bawaba ya mlango ambayo haijalegea. Nina milango iliyokazwa kuliko nyumba yoyote mtaani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nitakwambia ukweli, Mhariri, kwa kuwa hunijui wala sikujui: mimi nauogopa huo mshindo. Wiki ya saba ni mapema mno kwa mtu kuanza kujuta, lakini nimewahi kuchapa barua za watu waliojuta wiki ya tatu.

3. Mtetemo.

Toleo lililofuata mlishauri kwamba simu ya mtu muhimu iwekewe mtetemo, iwe mfukoni, "ili usiwasumbue walio karibu". Mume wangu, ambaye hukutii kuliko anavyomtii daktari, akaziwekea simu ninazompigia mimi mtetemo, na simu yake akaitia mfuko wa kushoto wa shati. Hao walio karibu hawakuwahi kulalamika kwamba nawasumbua. Walikuwa wanazima mashine kwa hiari yao. Sasa nikipiga, kinachojua ni kifua chake tu. Msumeno ameniambia kwamba mume wangu anatetemeka kidogo, anaweka randa chini, anatoka nje, anakwenda kusimama nyuma ya rundo la mbao mbichi kama mtu anayevuta sigara kwa siri.

Mtu hujificha na kitu anachokionea haya. Sitaki kuiendeleza sentensi hii.

4. Kupunguza picha.

Mlisema simu ikijaa, mtu afute picha zinazofanana. Jumapili nzima mume wangu alikaa kwenye ngazi na picha zangu arobaini na sita. Zote ninacheka, zote nimeegemea mlango uleule, siku ileile. Mama yangu mzazi alizitazama akasema ni picha moja. Mume wangu alizipitia mara mbili, akaona hakuna zinazofanana, akafuta picha za vipimo vya kabati la mteja. Kabati likatoka fupi kwa kiganja kizima na mwenye karakana akamsema mbele ya watu. Nalileta jambo hili kwako si kwa ajili ya mapenzi, bali kwa ajili ya uchumi. Ushauri ule ukifuatwa na maseremala wote, nchi nzima itabaki na makabati mafupi.

5. Watu wanaoumia kimyakimya.

Usidhani nateseka peke yangu. Babu Vanishi amekuja dukani mara nne kutoa fotokopi ya kitambulisho chake. Mara ya nne nilimuuliza, "Babu, vitambulisho vyote hivi unampelekea nani?" Akazungusha kofia mikononi, akasema, "Mjukuu wangu, lile pazia la sebuleni, mliamua rangi gani? Maana mara ya mwisho tuliachia kwenye kijani." Msumeno naye amenitumia ujumbe: "Shemeji, tumekukosea nini? Karakana imekuwa kama matanga. Jana nimesikia mbu." Kuna watu wanane pale, Mhariri, waliolea penzi kwa jasho lao kama mtu anavyolea mche, na siku lilipochanua likazungushiwa ukuta.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Ichapishe masahihisho, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile, kwamba mswaki ni wa meno.

(b) Ieleze hatua kwa hatua namna ya kukiziba tena kitundu cha kusikilizia bila kuiharibu simu yenyewe. Nimejaribu unga wa mbao, lakini anaupuliza. Nimefikiria nta ya mshumaa, ila sikutaka kuanza kabla ya kupata ushauri wa kitaalamu.

(c) Iwashawishi watengenezaji wa simu watoe simu maalumu ya maharusi, isiyo na kitundu cha sikioni kabisa, yenye spika moja kubwa ya kusikika mpaka barabarani, itumike kwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwaka ukiisha, wenye ndoa waitwe pamoja na mashahidi, waulizwe kama wako tayari kusikilizana wawili tu.

(d) Ikiwezekana, itungwe sheria. Najua hilo liko nje ya uwezo wa ukurasa wa simu, lakini naliandika ili lisije likasemwa kwamba halikuombwa.

Niko tayari kuwachapia rasimu yake bila malipo, nakala tatu.

Mwisho, wasalimie wote hapo ofisini. Msalimie anayepanga herufi, kwa kuwa najua kazi ile inavyoumiza shingo. Msalimie anayechora vikatuni, na anayeleta magazeti mtaani kwetu kwa baiskeli na kuyarusha kwa shabaha kama jiwe. Msalimie na mwenzi wako, kama unaye, na kama simu zenu ni nzima nawaombea subira.

Ni mimi, msomaji wako mwaminifu,

Mke wa Seremala
(wa wiki ya saba na siku mbili)

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Kisha nikakumbuka ninachowaambia wateja wangu kila siku, kwamba malalamiko bila tarehe na namba ya ukurasa ni porojo. Jibu lenu nililonalo ni lile alilolikata mume wangu, halina tarehe. Nikaenda kwenye rundo la magazeti ya zamani tunayofungia kazi za watu, nikachakura mpaka nikalipata toleo lenyewe, zima.

Sikujua, Mhariri, kwamba juu ya jibu kulikuwa na swali. Yeye alikata jibu tu. Nalinakili swali hapa neno kwa neno, ingawa wewe ndiye uliyelichapisha, kwa sababu vidole vyangu vinataka kuliandika:

"Ndugu Mhariri, simu yangu haisikiki sikioni, huu mwaka wa pili, mpaka niweke spika. Nafanya kazi na watu wanane. Ni watu wazuri. Nimeoa majuzi. Kuna neno nataka kumwambia mke wangu ambalo mpaka leo wenzangu ndio wamemwambia kwa niaba yangu. Ana kwa ana nimejaribu, lakini akinitazama nasahau, najikuta nakaza bawaba. Nadhani kwenye simu nitaweza, kama tutakuwa wawili tu, na kama akininyamazia kidogo, maana yeye ni mwepesi wa maneno na mimi si mwepesi. Naomba msaada. Seremala."

Nimelisoma mara tatu. Mama mwenye duka ameniuliza kama nimefiwa.

Naomba uyafute malalamiko namba moja mpaka namba tano, pamoja na (a), (b), (c) na (d), na hasa (b). Ukiona inafaa, lichapishe tena lile jibu la mswaki, kwa herufi nene. Babu Vanishi mwambieni, akija ofisini kwenu na kitambulisho, kwamba tulichagua kijani.

Barua sitaichapa upya. Muda hauniruhusu. Sasa ni saa kumi kasoro dakika mbili, na nimemwomba mteja aliye mbele yangu asubiri nje. Nimeziba mdomo kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Akisema "Sikiliza", leo nitahesabu mpaka sita, na nikifika sita nitahesabu mpaka sitini.

Simu inaita.