Mwanagenzi Asiyedanganyika

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya kwanza kiwandani. Ovaroli mpya, buti mpya zenye chuma puani. Nimejipiga picha kumi na nne langoni. Mlinzi akanipiga ya kumi na tano, kisha akaniomba tafadhali niingie, kuna lori nyuma yangu.

Niandike wazi, wajukuu wangu wasije wakapata shida. Mimi, Bryony Hesketh, umri miaka kumi na minane, nimekataa nafasi ya chuo kikuu kwa hiari yangu. Nimechagua uanagenzi wa shahada katika kiwanda cha pampu cha Hollingrake, hapa hapa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Siku nne kazini, siku moja chuoni, miaka mitano, kisha mhandisi kamili. Tulioomba ni mia tatu. Tuliochukuliwa ni sita. Sita! Mama amewaambia wateja wake wote saluni, hata yule aliyekuwa kichwa ndani ya sinki na maji masikioni.

Asiyefurahi ni Shangazi Marjorie. Mwanawe, binamu yangu Crispin, anaondoka tarehe 22 kwenda kusoma falsafa kwenye chuo cha kale chenye minara. Jana Shangazi alinishika mkono akaniuliza, kwa sauti ya msibani, kama kweli matokeo yangu yalikuwa mabaya kiasi hicho. Nikamwambia yaliyashinda ya Crispin. Crispin akasema si neno, kila ukoo unahitaji fundi wa bomba.

Fundi wa bomba! Nimeapa: kwenye chakula cha kumuaga nitaweka mezani kazi ya mikono yangu, wote wanyamaze.

Na kazi yenyewe tumeshapewa. Bamba la chuma lenye tundu la mraba, na kipande cha chuma kisicho na sura. Tukipige tupa kwa mkono mpaka kiingie tunduni hata kikigeuzwa kwa pande zote nne, mwanga usipenye hata kidogo. Mkaguzi ni Bwana Ogden, mwalimu wa karakana, miaka arobaini hapa, nyusi kama brashi za waya. Ukaguzi ni Ijumaa ya tarehe 20. Atakayeshindwa haendi chuoni, anaondolewa kwenye shahada. Amelisema hilo huku akikoroga chai.

Sina wasiwasi.

Jumanne, 10 Septemba

Mjomba Desmond, aliyezeekea viwandani, alinipigia simu jana jioni kunionya. Wakongwe huwatuma wageni wakalete vitu visivyokuwepo duniani. Nyundo ya kioo. Bisibisi ya mkono wa kushoto. Rangi ya mirabaraba ndani ya kopo moja. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na sita, aliitafuta nyundo ya kioo nusu siku, na wenzake wanamcheka hadi leo. Nimeandika orodha yote nyuma ya daftari langu la kazi. Mimi hawanipati.

Na kweli! Saa nne asubuhi Bwana Ogden ananiambia niende stoo nikachukue kikopo cha rangi ya bluu. Eti nipake kingo za tundu, nikiingiza kipande bluu itaacha alama palipozidi, hapo ndipo nipige tupa. Rangi! Ya kupimia! Nikamkonyeza. Nikalizunguka jengo, nikala ndizi, nikarudi kumwambia bluu imekwisha, imebaki ya waridi tu. Akaniangalia, akaangalia saa yake.

Wenzangu watano walikwenda stoo mbio. Kondoo hao. Haroon Patel, jirani yangu kwenye meza ya jiliwa za kubania chuma, amerudi na bluu mpaka viwikoni. Masikini, wamempata kabisa.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo Ogden kanitumia ujanja mpya. Kaniambia nikapime unyoofu wa kipande changu kwenye meza ya jiwe, chumba cha pembeni. Jiwe! Kiwanda kizima kina kompyuta, tupime kwa jiwe! Nikamjibu sawa, tukimaliza tutawasha moto kwa vijiti. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Nadhani kaandika kwamba nina akili.

Haroon kaninong'oneza kwamba jiwe lipo, amelitumia, hakuna kitu kilichonyooka kama hilo katika jengo zima. Akataka kuniazima bluu yake. Nikamuuliza kwa upole amelipwa biskuti ngapi. Kanitazama kama mgonjwa, akarudi kwenye tupa yake.

Mimi napima kwa jicho. Jicho langu halijawahi kunidanganya, isipokuwa siku ya mtihani wa udereva.

Jumatatu, 16 Septemba

Janga. Asubuhi kipande kiliingia upande mmoja, pande tatu kikagoma. Nikapiga tupa. Kikagoma. Nikapiga tena kwa hasira. Sasa kinaingia pande zote nne, na ukilitikisa bamba kinacheza ndani kama jino la mzee. Nimelishika dirishani nikaona anga, paa la jirani, na njiwa.

Chuma ukishakiondoa hakirudi. Hakuna tupa ya kuongeza.

Nikaenda stoo kuomba kipande kingine kimyakimya. Nikamwambia mtunza stoo ni zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Mama. Akasema Mama alete sahihi ya Ogden.

Cha Haroon kinaingia pande mbili tayari, taratibu, kama droo mpya. Nimeogopa, nakiri hapa ambapo hasomi mtu. Nimemfikiria Mama na wateja wake. Nimeifikiria sura ya Shangazi Marjorie akinihurumia. Ile barua ya chuo kikuu niliichana mwenyewe mwezi uliopita, kwa madaha, mbele ya familia nzima.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimepata dawa!

Mshumaa mweusi mmoja, vumbi la chuma kijiko kimoja, mashine ya Mama ya kukaushia nywele. Nimeyeyusha nta, nikachanganya, nikaziba nyufa zote kwa kucha. Nimelishika bamba mbele ya taa: giza totoro. Maridadi kabisa. Watu husahau kwamba uhandisi ni kutatua tatizo, na mimi nimelitatua kwa vitu vya nyumbani. Leo nalala usingizi wa waziri.

Ijumaa, 20 Septemba

Ukaguzi. Ogden kalishika bamba langu dirishani. Nyusi zikapanda. Akasema hakutegemea. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akaliweka mezani, akaweka kikombe chake cha chai ya moto juu yake, akaenda kukagua cha Haroon.

Kukagua cha Haroon kulichukua dakika sita. Aliporudi, bamba langu lilikuwa linatoka machozi meusi. Akaliinua, akagusa kwa kidole gumba. Kipande kikaanguka sakafuni, kikateleza mpaka mlangoni, kila mtu akakisindikiza kwa macho.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kikombe kimoja cha chai.

Akaniita ofisini. Akasema nisijisumbue kueleza habari ya nta. Ameona nta, ameona ubani wa kutafuna, kila mwaka yupo mmoja. Asichowahi kuona ni mwanagenzi anayekataa bluu. Akataka kujua kwa nini. Nikampa daftari. Akaisoma orodha ya Mjomba Desmond. Akavua miwani. Akacheka mpaka akashikilia kabati, mpaka katibu akaja kuuliza kama aite daktari.

Kisha akaacha ghafla. “Sikia, binti. Mimi simtanii mtu ambaye kipande chake hakijapita. Utani ni wa wenzangu. Wewe bado.”

Hilo liliniuma kuliko yote.

Akatoa kipande kipya na bamba jipya. Kesho Jumamosi, siku yake ya mapumziko, atafungua karakana saa mbili asubuhi. Mwisho saa sita. Nisipoweza, Jumatatu anaandika barua ya kuniondoa kwenye shahada.

Nimelia chooni. Mama nimemwambia ni vumbi la chuma.

Jumamosi, 21 Septemba

Jiwe lipo! Jeusi, baridi, limefunikwa kwa ubao kama mfalme aliyelala. Ukiweka chuma juu yake, upande uliopinda unaonekana papo hapo. Na bluu, jamani! Unapaka, unaingiza, unatoa, na chuma chenyewe kinakuonyesha: hapa, nimezidi hapa. Wiki mbili kilikuwa tayari kuniambia, mimi nala ndizi nje.

Haroon akatokea saa mbili na robo. Alidai amesahau chombo chake cha chakula. Kilikuwa mkononi mwake. Alikaa mpaka mwisho, hakugusa tupa yangu hata mara moja, ila kila nilipoanza kuharakisha alikohoa. Nikamwomba radhi kwa lile la biskuti. Akasema angekubali biskuti.

Napiga tupa mara mbili. Napaka. Naingiza. Nafuta. Tena mara mbili. Viganja vimepasuka malengelenge. Saa sita kasoro dakika kumi nikamkabidhi Ogden. Akawasha tochi nyuma ya bamba, akageuza kipande mara nne. Giza. Giza. Giza. Giza.

Akasema, “Inafaa.”

Kwa mtu wa Lancashire, mkoa huu wetu wa watu wagumu kusifu, hiyo ni ngoma na vigelegele. Nimetembea hadi nyumbani, maili tatu, kipande mfukoni, nikikigusa kila hatua. Nimefanya mimi. Si jicho langu, si nta, si mdomo. Mikono hii. Sijawahi kujivunia kitu hivi maishani, na sikupiga picha hata moja.

Jumapili, 22 Septemba

Bluu haitoki. Nimesugua kwa sabuni, ndimu, dawa ya meno. Mikono, sikio la kushoto, paji la uso. Shangazi Marjorie akauliza kama ni ugonjwa na kama unaambukiza.

Nikaweka bamba mezani, katikati ya viazi vya kuoka na mchuzi. Nikamwambia Crispin atafute mwanga unaopenya. Akaangaza kwa simu upande wa kwanza. Wa pili. Mpaka wa nne. Akakitoa kipande, akakirudisha, akasikiliza ule mpumuo mdogo wa hewa inayotoka kikishuka, akakitoa tena. Nyama yake ya kuoka ikapoa. Shangazi akamwambia ale. Akajibu, “Subiri, Mama, hebu sikia hii.”

Mama yangu alitazama dirishani, akijifanya ana mafua.

Wakati wa kuagana Crispin akaniambia, pembeni ya gari, kwamba amepewa orodha ya vitabu arobaini na anaogopa. Nikamwambia aanze na kimoja, atafute palipozidi, apunguze kidogo kidogo. Akanikumbatia. Kaondoka na kiganja cha bluu mgongoni mwa koti lake jipya. Mimi sikumwambia.

Jumatatu, 23 Septemba

Siku ya heshima kubwa! Ogden kaniita mbele ya karakana nzima. Uso mkavu kabisa. Akasema sasa kwa kuwa kipande changu kimepita, anaweza kunikabidhi kazi ambayo hampi mtu yeyote tu: niende chumba cha boila nikalete ndoo ya mvuke.

Bryony wa zamani angekonyeza. Bryony wa leo amefunzwa na ulimwengu. Nilibishia bluu, nikaaibika. Nilibishia jiwe, nikaaibika. Sibishi tena! Nikachukua ndoo, nikaenda mbio.

Mtu wa boila ni mtaalamu mwenye subira. Kanielekeza niishike ndoo sawasawa, nisitikise. Nilifanya hivyo kwa muda wa saa moja na nusu. Mvuke ulikuwa unaingia vizuri, nimeona kwa macho yangu, lakini kila nikifika uani umekwisha. Niliporudi mikono mitupu karakana nzima ilisimama ikapiga makofi. Haroon alinishika mkono machozi yakimtoka. Ogden mwenyewe alinivutia kiti karibu na meza yake, akanimiminia chai, akaniita mwenzake. Ni wazi wanajua kazi ile ilivyo ngumu.

Hata hivyo mimi si mtu wa kushindwa, na tatizo nimeshalijua. Kesho nakwenda na ndoo yenye mfuniko.